Fahamu: Kwa nini krimu ya BB ya Kikorea huacha uso na rangi ya majivu?

Ukipaka krimu ya BB ya Kikorea ukatoka kwenye jua la Buyenzi, Bujumbura, uso huweza kuonekana kama umepakwa majivu. Kosa si la ngozi yako.

Krimu hizi zilianzia Ujerumani, kwa daktari wa ngozi Christine Schrammek, miaka ya 1960, kabla ya Korea Kusini kuzipa umaarufu. Nyingi zina oksidi ya zinki au ya titani, unga mweupe unaokinga jua. Weupe huo ndio unaobaki juu ya ngozi nyeusi.

Halafu kuna namba za rangi. Kwenye Missha, chapa ya bei nafuu, 21 na 23 ni za ngozi nyeupe. Hata 27 ni rangi ya asali tu. Mwaka 2024 chapa nyingine ya Kikorea, Tirtir, ilifikisha rangi 30 za fandesheni yake, baada ya Mmarekani mweusi Miss Darcei kuonyesha kwenye video kwamba hakuna iliyomfaa. Alitusemea sote.

Kwa hiyo jaribu krimu kwenye taya, si mkononi, kisha toka nje usubiri dakika kumi. Poda ya kukausha mafuta ya Innisfree, chapa nyingine ya Kikorea, nayo huonekana nyeupe koponi. Kwa joto la Bujumbura inasaidia, lakini gusa pua na paji la uso tu.

Na usichanganye krimu ya kupaka rangi na ya kujichubua. Yenye zebaki huharibu figo. Isiyoandikwa viambato, iache dukani.