Lenzi ya kilo tatu haitulizwi na namba za kwenye boksi

Mpiga picha wa ndege au wa mpira huhangaika miaka akiitafuta lenzi ya milimita 600. Ataagiza Dubai, au atamngoja mtu wa Ulaya anayeuza ya zamani, kisha atatoa fedha ambazo zingemnunulia gari dogo. Ikifika, anaipachika juu ya tripodi ile ile anayopigia video za harusi. Malalamiko huanza hapo: picha hazina ukali, lenzi ni mbovu, muuzaji tapeli. Mara nyingi lenzi ni nzima kabisa. Kinachocheza ni kilicho chini yake.

Hesabu yake si ndefu. Kwenye kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 600 huona upana wa digrii tatu na nusu hivi, basi. Kamera ya megapikseli 45 huugawa upana huo katika pikseli 8,000 na ushee. Kwa hiyo digrii moja ina pikseli zaidi ya 2,300, na mtikisiko wa sehemu moja ya mia ya digrii, ambao wala huusikii mkononi, huiburuta picha pikseli zaidi ya 20. Jicho la tai linageuka doa.

Sasa tazama boksi la tripodi dukani. Limeandikwa "inabeba kilo 12", au 25, kwa maandishi makubwa. Namba hiyo inahusu mzigo ambao miguu na vibano vyake vitaustahimili bila kuteleza wala kuvunjika, na kila kiwanda kina namna yake ya kuupima. Haikuambii miguu itayumba kiasi gani ukibonyeza kitufe, wala itachukua muda gani kutulia. Lenzi ya kilo tatu na kamera ya kilo moja na nusu zinaweza kukaa salama juu ya stendi ya bei poa bila kuanguka, na bado usipate picha hata moja ya maana.

Wapo wanaosema tatizo hili limepitwa na wakati kwa sababu lenzi siku hizi ni nyepesi. Kupungua zimepungua kweli. Canon ya milimita 600 f/4 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na kilo 5.36, toleo lililofuata likashuka hadi 3.92, na lile la 2018 likafika 3.05. Kilichopata nafuu ni bega la mbebaji. Digrii ni zile zile tatu na nusu, na tena kitu kizito kina faida yake, hakishtuki upesi. Lenzi nyepesi yenye kofia pana mbele hukamata upepo kama tanga, na anayepiga ndege ufukweni miezi ya kusi anajua ninachosema. Isitoshe, wengi wetu tunanunua zile za zamani za kilo tano, maana ndizo ambazo bei yake inashikika.

Tuanze na miguu, kwa sababu kichwa kizuri juu ya miguu legelege ni fedha iliyotupwa. Cha kwanza kutazama ni unene wa mrija. Ukichukua mirija miwili ya kitu kimoja, yenye kuta za unene mmoja, wa milimita 32 ni mkakamavu kama mara mbili ya ule wa milimita 25. Tofauti ya milimita saba tu! Gitzo, kampuni iliyoanzia Ufaransa mwaka 1917, huzipa tripodi zake namba za daraja zinazopanda kadiri mrija unavyonenepa. Kwa lenzi ya 500 au 600 ningeanzia daraja la tatu, ambalo mrija wake wa juu una milimita 32 au zaidi kidogo. La tano ni la mwenye lenzi ya kilo tano na kijana wa kumbebea. Kampuni nyingine zina majina yao, lakini rula ni moja kwa wote. Nenda nayo dukani.

Pingili zikiwa tatu ni bora kuliko nne au tano. Kila pingili ya chini ni nyembamba kuliko iliyo juu yake, kwa hiyo tripodi inayokunjika ikawa fupi sana hupata sifa hiyo kwa kusimama juu ya vijiti. Na ile nguzo ya kati inayopanda na kushuka, kwa lenzi nzito mimi siitaki kabisa. Ukiipandisha unakuwa umeweka mguu mmoja juu ya mitatu. Chagua tripodi ambayo miguu yenyewe inafikisha kamera usawa wa jicho, ukikumbuka kwamba kichwa na kamera vitaongeza sentimita 20 hivi au zaidi, na kwamba kwenye mteremko mguu mmoja utahitaji urefu wa ziada.

Kaboni au alumini? Kaboni ni nyepesi na humeza mtikisiko upesi, lakini alumini nene iliyotumika ni bora kuliko kaboni nyembamba mpya yenye bei ile ile. Mbao nazo zisidharauliwe. Berlebach ya Ujerumani hadi leo inatengeneza tripodi za mbao, na wanaotazama nyota huzipenda kwa jinsi zinavyoua mtetemo. Hata stendi za wapima ardhi, zile za njano zinazosimamishwa kando ya barabara zinazojengwa, ni madhubuti sana. Tatizo ni kuwa skrubu yake ina inchi 5/8, wakati vichwa vya kamera hutumia 3/8, kwa hiyo utahitaji kiunganishi, na mabega.

Juu ya miguu huja kichwa, na hapa watu huumia vidole. Kichwa cha gololi, kilichozoeleka kwa mandhari na picha za watu, huweka uzito wote juu ya sehemu inayozunguka. Ukikilegeza ili umfuate ndege, lenzi inataka kuanguka upande mmoja, na ikianguka huweza kuondoka na tripodi nzima. Kichwa cha mafuta cha wapiga video ni tulivu na kina springi ya kusawazisha uzito. Anayepiga video na picha kwa pamoja akichukue, lakini kwa ndege anayeruka kinachelewa.

Kinachofaa lenzi nzito ni gimbali. Sisemi kile kifaa cha mota cha wapiga video; hiki hakina betri wala waya. Ni mkono wa chuma unaoining'iniza lenzi ili kitovu chake cha uzito kiwe sawa na mhimili wa kuzungukia, na Wimberley ya Marekani ndiyo iliyokipatia umaarufu kwa wapiga picha wa wanyama. Ukikipanga sawasawa, lenzi ya kilo tano unaizungusha kwa vidole viwili na ukiiachia inabaki ilipo. Kukipanga ni hivi: sogeza bamba la lenzi mbele au nyuma hadi lenzi ikae mlalo bila kushikwa, kisha pandisha au shusha jukwaa hadi lenzi uliyoinamisha isiende popote. Tripodi yenyewe iwe imepimwa kwa pimamaji, la sivyo ukigeuka upeo wa macho nao unapinda.

Lenzi ifungwe kwa pete yake, kamwe si kwa kamera, maana shingo ya kamera haikutengenezwa kuning'iniza kilo tatu. Bamba refu lenye skrubu mbili ni bora kuliko la skrubu moja, ambalo hujizungusha lenyewe likielemewa na uzito. Na zile skrubu ndogo za ncha za bamba, ambazo wengi huzing'oa kwa kuona zinasumbua, ndizo zinazoizuia lenzi isiteleze ikatoka kibano kikiwa kimelegea.

Hayo yote yanakufaa kama una mahali pa kusimama. Serengeti, kwa mfano, hushuki garini popote unapotaka, na ndani ya gari la watalii tripodi haina pa kutanua miguu. Hata ikipata, kila abiria anayegeuka anaitikisa. Pale mwombe dereva azime injini na ulaze lenzi kwenye mfuko wa maharage juu ya dirisha au paa. Mfuko usafiri mtupu, maharage ununue sokoni, hasa ukipanda ndege ndogo za mbugani ambazo nyingi huruhusu kilo 15 tu za mizigo. Uwanja wa Benjamin Mkapa, nyuma ya goli, kinachofaa ni stendi ya mguu mmoja, kwa sababu mpira ukija kwako unatakiwa kuinuka na kukimbia. Kwenye daraja la mbao la Mida Creek, kule Watamu, tripodi iliyo bora hutetemeka na hatua za kila mpita njia. Ngoja wapite, kisha piga.

Kwa hiyo ningemwambia anayepiga garini tu aache tripodi kwanza. Anayekaa saa nzima kando ya bwawa akimngoja mdiria apige mbizi, huyo ndiye wa kufungua pochi.

Na akifungua, aende dukani na lenzi yake. Aifunge, aielekeze kwenye bango la upande wa pili wa barabara, akuze picha ya kioo cha nyuma mara kumi, agonge kofia ya lenzi kwa kidole na kuangalia herufi zinachukua muda gani kutulia. Kizuia mtikisiko cha lenzi kizimwe wakati wa jaribio. Kisha ashike bamba la juu la tripodi kwa mikono miwili na kulisokota. Miguu ikijinyonga kama inataka kucheza, arudishe shelfuni. Kwa wa pwani kuna moja zaidi: ukisimama kwenye tope la mikoko, vuta kwanza pingili ya chini kabisa ili vifungo vyote vibaki juu ya maji, na jioni suuza miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla mchanga haujakaukia ndani.