Samaki Hawajui Mpaka

Sisi watu wa Lusangi tu mbali na bahari, lakini utamu wa ndagaa wa Ziwa Tanganyika twaujua. Basi yafaa tujue jinsi nchi jirani zinavyogawana maji.

Shambani mpaka huwekwa kwa mti au jiwe. Majini hakuna jiwe. Kuna mapatano tu. Mwaka 1976 Kenya na Tanzania zilikamilisha mapatano juu ya mpaka wao wa baharini, wala hazikuwasahau wavuvi wadogo: ziliwaruhusu kutafuta riziki kila upande wa mpaka, hadi maili 12 za bahari. Kenya na Somalia hazikupatana. Somalia ilishtaki mwaka 2014. Hukumu ilitolewa The Hague mwaka 2021, na Kenya ikaikataa.

Katika Tanganyika, mpaka wa Kongo na Tanzania wapita katikati ya ziwa. Lakini samaki hawaujui. Kwa hiyo mwaka 2003 Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

Mvuvi asiye na shamba huona taabu miezi hiyo, nasi twamhurumia. Lakini ufuko mmoja ukipumzika, na wa pili ukivua usiku kucha, yule wa kwanza amefunga bure. Majirani wakifunga pamoja, watoto wetu nao watapata kitoweo.