Je, Wajua? Kinachounguza Ekstensheni ni Saa

Ukiuliza kama inafaa kuchaji gari la umeme kwa ekstensheni, utajibiwa haraka: hakuna neno, mradi waya uwe mnene na fyuzi iwepo. Jibu hilo linapima ukubwa wa umeme na kusahau muda, na hapo ndipo hatari ilipo. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, lakini baada ya dakika chache maji yamechemka na soketi inapumzika. Pasi nayo hujizima na kujiwasha yenyewe kila ikifikia joto lake. Sasa chukua Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40. Ikichajiwa kwa ampea 10 katika soketi ya volti 230, inapokea kilowati 2.3 tu, kwa hiyo kuijaza kutoka sifuri kunachukua zaidi ya saa 17. Hakuna kifaa kingine cha kawaida nyumbani kinachovuta kiasi hicho usiku kucha bila kupumzika, na ekstensheni nyingi zilitengenezwa kwa kazi za birika na pasi.

Tazama ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu. Nyingi zimebandikwa namba mbili: ampea 13 ukiukunjua waya wote, na ampea 5 hivi ukiuacha umejikunja. Wengi huamini kwamba waya uliokunjwa hugeuka sumaku na kujichemsha. Sivyo, kwa sababu ndani ya waya huo umeme unakwenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, na nguvu zao za sumaku zinafutana. Sababu yenyewe ni hewa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 25, ukipitisha ampea 10 hutoa joto la wati 65 hivi. Ukiwa umelala sakafuni kwa urefu wake, kila mita inapata chini ya wati 3, na hewa inazichukua hata mkono usisikie kitu. Ukiwa umekunjwa, ni sawa na kuiwasha balbu ya zamani ya wati 60 na kuifunga ndani ya blanketi hadi alfajiri. Plastiki ya kawaida ya waya imeundwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidi hapo inalainika, na nyuzi zinaanza kukaribiana.

Hata hivyo, mahali pabaya zaidi ni pale plagi inapoingia kwenye soketi. Vibati vya ndani vikilegea kidogo tu, ukinzani wa 0.3 ya omu kwa ampea 10 unatoa wati 30 katika nafasi ndogo kuliko kiberiti, joto la kile chuma ambacho fundi redio huyeyushia risasi. Joto hilo linakipa kibati kutu na kukipotezea unyumbufu wake, ukinzani unaongezeka, na joto linaongezeka tena. Mwenye kupinga atasema fyuzi itakata. Haitakata. Fyuzi ya ampea 13 inapima mkondo, na mkondo ni ampea 10 zilezile zinazoruhusiwa. Sakiti breka nayo haioni kosa lolote. Plagi inaweza kugeuka rangi ya kahawia, kisha nyeusi, huku vilinzi vyote vikiwa vizima. Baadhi ya kebo za kuchajia zina kihisi joto ndani ya plagi, lakini ukiweka ekstensheni katikati, kihisi kinalinda tundu la ekstensheni na kuliacha la ukutani bila mlinzi.

Kuna pingamizi la haki: gari linalala uani, soketi iko sebuleni, mwenye gari afanyeje? Dawa yake ni fundi umeme mwenye leseni aweke soketi ya nje yenye laini yake pekee kutoka kwenye kisanduku cha breka, pamoja na ethi iliyopimwa. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya bei ya gari. Jambo hili linatuhusu hasa, maana Leaf zilizotumika zinaingia Kenya kutoka Japani, na huko kebo hutengenezwa kwa soketi maalumu ya volti 200 na ampea 15, wakati plagi yetu ya pini tatu inaishia ampea 13. Adapta ya dukani inazipatanisha pini tu, haipunguzi mkondo. Tena madukani zimejaa ekstensheni ambazo nyuzi zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, zenye ukinzani mkubwa zaidi na maisha mafupi. Mashirika ya viwango yangezikamata bandarini kabla hazijawa majivu na taka, kwani mnunuzi hana jicho la kuona ndani ya plastiki.

Ekstensheni ibaki na kazi zake: redio, taa ya msiba, spika za harusi, kompyuta, drili ya fundi, feni. Kama dharura imekubana na lazima uchajie gari, kunjua waya wote, tumia mmoja tu wa shaba mnene, ukae pakavu, shusha mkondo hadi ampea 6 au 8 kama gari linaruhusu, na baada ya nusu saa shika plagi zote mbili. Ikiwa moja ina joto la kukufanya uondoe mkono, chomoa. Na usiache kazi hiyo iendelee wakati nyumba nzima imelala.