Neno, Maana na Imani: Usomaji wa Biblia wa Neno kwa Neno katika Mazingira ya Kinyala, Rungwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamewaachia wanateolojia kwa muda mrefu mno: je, msomaji asiyekubali kuichukua kila sentensi ya Biblia katika maana yake ya juujuu amejitoa katika imani ya Kikristo? Swali hilo tuliulizwa Kinyala, wilayani Rungwe, na mzee mmoja wa kanisa, jioni ya siku tuliyomzika jirani yetu. Alikuwa amesikia kwamba vijana wanaorudi kutoka vyuo vikuu wanasema siku sita za kitabu cha Mwanzo si siku za saa 24. Akatuambia: “Mwanangu, kama siku zile si siku, basi huyu tuliyemzika leo naye atafufuka kwa mfano tu?”

Swali la mzee huyu si la ujinga. Ndilo swali gumu kuliko yote katika mjadala huu, na wengi wanaotetea ufasiri huru hulikwepa. Tutalirudia katika sehemu ya nne, baada ya kuonyesha mambo mawili: kwamba hakuna anayeisoma Biblia neno kwa neno tupu, na kwamba historia ya Rungwe yenyewe imekwisha kuudhihirisha udhaifu wa njia hiyo.

2.0 Biblia ya msomaji wa Kinyala ni tafsiri

Msomaji wa Kinyala haisomi Biblia katika Kiebrania wala Kigiriki. Huisoma katika Kiswahili, au huisikia katika Kinyakyusa. Biblia ya Kiswahili nayo si moja. Ile ya Unguja iliyotokana na kazi ya Edward Steere ilikamilika mwaka 1891; ya Karl Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, ilitoka mwaka 1937; ile ya Muungano ilitoka mwaka 1952; na baadaye, katika miaka ya 1990, ikakamilika Habari Njema. Kila moja ni matokeo ya maelfu ya maamuzi kuhusu maana.

Tuchukue mfano mmoja. Katika Zaburi 7:9 na Yeremia 17:10, toleo la Muungano linasema kuwa Mungu huvijaribu viuno vya watu. Neno la Kiebrania linalohusika hutaja figo, ambazo kwa Waebrania zilikuwa makao ya hisia na nia za ndani. Hatujapata kumwona Mkristo wa Rungwe, hata yule anayesisitiza usomaji wa neno kwa neno, anayeamini kwamba Mungu hukagua viuno. Papo hapo, bila kufundishwa, yeye hutambua kuwa hii ni tamathali ya usemi. Kwa hiyo yeye naye hufasiri. Tofauti ni kwamba hajijui kuwa anafasiri.

Mfano wa pili ni Yohana 3:8. Kigiriki hutumia neno moja, pneuma, kwa maana ya upepo na kwa maana ya roho, na hoja ya Yesu kwa Nikodemo inaegemea uwili huo. Kiswahili hulazimika kuchagua: upepo mahali pamoja, Roho mahali pengine, na mchezo wa maneno hupotea. Mnyakyusa ana bahati zaidi, kwani neno lake mbepo hubeba maana zote mbili. Hapa lugha ya nyumbani iko karibu na Kigiriki kuliko lugha ya taifa. Anayedai kushika ‘neno lenyewe’ hana budi kutuambia ni neno la lugha gani.

3.0 Ushahidi wa Rungwe

3.1 Jina Kyala

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Waliteua jina Kyala kuwa jina la Mungu. Kwa mujibu wa Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya utafiti huko katika miaka ya 1930, Kyala hapo awali alikuwa mmoja wa mashujaa walioheshimiwa kwa matambiko, na makao yake, kama yale ya wahenga, yalifikiriwa kuwa chini na si juu. Ni mafundisho ya Kikristo yaliyompandisha mbinguni.

Tukitumia kipimo cha neno kwa neno, uteuzi huo ulikuwa kosa: neno Kyala halikuwa na maana ya muumba wa mbingu na nchi. Hata hivyo, vizazi kadhaa vya Wanyakyusa wamesali kwa jina hilo, na hakuna anayethubutu kusema kuwa sala zao hazikuwa za Kikristo. Neno lilipanuka na likabeba maana mpya. Aidha, kama ‘chini’ iliweza kuwa ‘juu’ bila imani kuvunjika, ni dhahiri kuwa imani haikuwa imejengwa juu ya ramani ya ulimwengu.

3.2 Mjadala wa ndoa za mitala

Katika miaka ya 1920 na 1930 yaliingia Rungwe kutoka Nyasaland makanisa yaliyoongozwa na Waafrika wenyewe, miongoni mwake Last Church of God and His Christ na African National Church. Makanisa hayo yaliwapokea wanaume wenye wake wengi, ambao misheni iliwazuia. Hoja yao ilikuwa ya Kimaandiko: Ibrahimu, Yakobo na Daudi walikuwa na wake wengi, na hawakukataliwa na Mungu. Misheni nazo zilikuwa na aya zao, kama vile 1 Timotheo 3:2, inayomtaka askofu awe mume wa mke mmoja. Lakini aya hiyo, ikisomwa neno kwa neno, inamhusu askofu, si kila muumini.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na neno, na neno peke yake halikuweza kuamua. Kilichohitajika ni kuuliza nani anasema, anamwambia nani, katika utanzu gani, na kwa kusudi gani. Hayo ndiyo maswali ya isimu, na ndiyo pia maswali ya ufasiri wowote wa haki.

4.0 Je, ufufuo nao ni mfano?

Sasa tumrudie mzee wetu. Hofu yake ni kwamba uzi mmoja ukivutwa, kitambaa chote kitafumuka. Jibu letu ni kwamba mipaka haiwekwi na matakwa ya msomaji, bali na matini yenyewe. Mwanzo 1 ina kiitikio kinachorudiwa baada ya kila siku, ina mpangilio wa siku tatu za kwanza unaolingana na siku tatu zinazofuata, na jua huumbwa siku ya nne. Origen wa Alexandria, Mwafrika wa karne ya 3, alikwisha kuhoji inawezekanaje siku tatu za kawaida zipite pasipo jua. Hakuwa amesoma sayansi ya leo. Alikuwa amesoma matini kwa makini.

Katika 1 Wakorintho 15 usemi ni wa namna nyingine. Paulo anaorodhesha mashahidi, anawataja Kefa na Yakobo kwa majina, na kusema kuwa wengi wa wale zaidi ya mia tano waliomwona Bwana wangali hai. Huo ni utanzu wa ushuhuda. Tunaweza kuuamini au kutouamini, lakini hatuwezi kuugeuza kuwa fumbo bila kuvunja kanuni za usomaji. Hata hivyo, katika sura hiyohiyo Paulo anapoueleza mwili wa ufufuo, anakimbilia mfano wa mbegu inayozikwa ardhini. Tukio analishuhudia; namna yake anaichora kwa picha.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu eskatolojia ya Agano Jipya, alionyesha jinsi waumini wa Ukambani walivyofundishwa kuchukua picha za mji, moto na hazina kuwa vitu vyenyewe. Hoja yake kuhusu njeo ya wakati ujao katika lugha za Kiafrika imepingwa, na sisi pia hatuikubali. Lakini onyo lake linabaki: picha ikidhaniwa kuwa kitu chenyewe, tumaini hupungua badala ya kukua.

Isimu haiwezi kuthibitisha kuwa marehemu atafufuka. Inaweza tu kumwonyesha mzee kwamba kuhoji siku sita hakumlazimishi mtu kuuhoji ufufuo.

5.0 Hitimisho

Kanisa la Moravian, lenye mizizi mirefu Rungwe, lina hazina isiyotumiwa vya kutosha. Umoja wa Ndugu wa Bohemia, katika enzi ya Luka wa Praha, ulitofautisha mambo ya msingi, yaani neema ya Mungu pamoja na imani, upendo na tumaini la mwanadamu, na mambo yanayohudumia msingi huo. Maandiko waliyaweka katika kundi la pili. Hawakuyadharau, walikataa tu kukifanya chombo kuwa kilichomo.

Kinyakyusa kinatufundisha jambo hilohilo. Imani huitwa ulwitiko, kutokana na kitenzi ukwitika, ambacho ni ndugu wa kuitika kwa Kiswahili. Kuamini, kwa Mnyakyusa, ni kuitika mwito. Mtoto aitwaye na mamaye kutoka ng’ambo ya bonde huenda asisikie kila neno, na baadhi ya maneno akayasikia visivyo, lakini sauti ameitambua, naye huitika na kwenda. Hivyo ndivyo tulivyomjibu mzee jioni ile. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa ataendelea kuzihesabu siku sita kama siku, lakini hatawafukuza tena vijana katika darasa la Biblia.

Kwetu sisi, hilo lilitosha.