Picha na Mashine Yake: Ugeuzaji wa Picha Katika Zama za Rangi Chache

Kila picha inayoonekana kwenye skrini ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ndogo ziitwazo pikseli, na kila pikseli ni lazima ihifadhiwe kwa namba mahali fulani katika kumbukumbu ya mashine. Katika simu na kompyuta za leo namba hizo kwa kawaida ni tatu kwa kila pikseli, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, na kwa kuwa kila moja huchukua baiti 1 na huweza kuwa na thamani yoyote kuanzia 0 hadi 255, rangi zinazowezekana hufikia 16,777,216. Kompyuta binafsi za kwanza, zile zilizoingia majumbani na maofisini huko Marekani na Ulaya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, hazikuweza kumudu anasa hiyo. Uhaba wa kumbukumbu ndio ulioamua picha zao zionekane vipi na mafaili yao yaundwe vipi, na ndio uliofanya kuihamisha picha kutoka mashine moja hadi nyingine kuwe kazi ya ufundi, wala si ya kunakili tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ZX Spectrum, kompyuta ya kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliyotoka mwaka 1982. Skrini yake ilikuwa na pikseli 256 kwa upana na 192 kwa kimo, yaani pikseli 49,152 kwa jumla, na toleo lake kubwa la mwaka huo lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, ambazo zikihesabiwa baiti moja moja ni 49,152 vilevile. Lau wahandisi wangetenga baiti 1 tu kwa kila pikseli, picha moja ingeimeza kumbukumbu nzima, pasibaki hata nafasi ya programu ya kuichora. Kwa hiyo kila pikseli ilipewa biti 1, ambayo ni sehemu ya nane ya baiti na haiwezi kusema zaidi ya ndiyo au hapana, kisha skrini ikagawanywa katika viraba 768 vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiraba kikapewa baiti 1 ya kutaja rangi mbili tu, ya wino na ya karatasi. Picha nzima ikaenea katika baiti 6,912. Rangi zenyewe zilikuwa 8 katika viwango viwili vya mwangaza, na kwa kuwa nyeusi haibadiliki kwa mwangaza, rangi halisi zikawa 15.

Ubanaji huo ulikuwa wa akili sana, lakini gharama yake ilionekana kwa macho. Ndani ya kiraba kimoja rangi ya tatu haikuruhusiwa kabisa, hivyo mchezaji mwenye shati jekundu akipita mbele ya mti wa kijani, ama yeye aligeuka kijani ama sehemu ya mti iligeuka nyekundu, na mipaka ya mgeuko huo ilikuwa ya mraba. Waliotengeneza michezo ya mashine hiyo mara nyingi waliona ni heri kuchora kila kitu kwa rangi moja juu ya nyeusi kuliko kuvumilia mgongano wa rangi.

Commodore 64, iliyotoka mwaka huohuo, ilikuwa na rangi 16 zisizobadilika na ilimpa mchoraji hiari ya aina mbili: pikseli 320 kwa 200 zenye rangi mbili katika kila kiraba, au upana upunguzwe hadi pikseli 160, kila pikseli iwe pana maradufu, ili kila kiraba kipate rangi nne, moja kati ya hizo ikiwa ya usuli inayotumika skrini nzima. Kadi ya CGA, iliyotoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ilikuwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu na iliweza kuonyesha rangi nne kwa wakati mmoja katika pikseli 320 kwa 200. Mseto wake uliozoeleka ulikuwa nyeusi, nyeupe, samawati na zambarau nyangavu, na ni vigumu kufikiri mseto usiofaa zaidi kwa kuchora uso wa binadamu au shamba. Macintosh ya mwaka 1984 iliikwepa shida yote kwa kuacha rangi kabisa, ikabaki na nyeusi na nyeupe katika pikseli 512 kwa 342. Hatua kubwa ilikuja na Amiga mwaka 1985, iliyochagua rangi zake kutoka 4,096, na kisha kadi ya VGA ya IBM mwaka 1987, iliyoonyesha rangi 256 kwa pamoja zilizochaguliwa kutoka 262,144. Hapo ndipo jedwali la rangi, ambalo ni orodha ya rangi zilizoteuliwa kwa ajili ya picha moja, lilipokuwa kiini cha kazi: pikseli haikubeba rangi yenyewe tena bali namba ya mstari katika orodha.

Linalosahaulika leo ni kwamba mafaili mengi ya picha ya wakati huo yalikuwa nakala tupu ya kumbukumbu ya mashine iliyoyazaa. Umbizo la faili ni kanuni inayoeleza baiti zipangwe vipi na kila moja ina maana gani, na katika Commodore 64 kanuni ya programu ya kuchorea iitwayo KoalaPainter ilikuwa hivi: baiti 2 za kutaja mahali pa kuipakia picha, 8,000 za pikseli, 1,000 za rangi za viraba, 1,000 nyingine za rangi ya ziada ya kila kiraba, na 1 ya usuli, jumla 10,003. Hakuna mahali ndani ya faili hilo palipoandikwa upana wa picha, wala idadi ya rangi, wala nyekundu ni nyekundu ya namna gani, kwa sababu mashine ilijua yote hayo tangu kiwandani. Kompyuta nyingine ikipewa baiti hizo 10,003 haioni picha, inaona namba, na mara nyingi ukubwa wa faili ndio uliokuwa dalili ya kwanza ya asili yake.

Maumbizo yaliyofuata yalijaribu kulifanya faili lijieleze lenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mpangilio uitwao IFF, uliotumiwa sana kwenye Amiga, ambao kila fungu la data lina jina la herufi nne na ukubwa wake, hivyo programu isiyolielewa fungu fulani huliruka na kuendelea na linalofuata. Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 1987, CompuServe, kampuni ya Marekani iliyowaunganisha wateja wake kwa njia ya simu, ilitoa GIF, iliyobuniwa na timu ya Steve Wilhite. Wateja hao walikuwa na kompyuta za kila aina, na laini za simu zilikuwa za polepole mno, kwa hiyo GIF ilitaja ukubwa wa picha, ikabeba jedwali lake la rangi zisizozidi 256, na ikazibana data kwa mbinu ya LZW, ambayo huzipa namba fupi safu za pikseli zinazojirudia.

Kujieleza, hata hivyo, hakukuondoa kazi ya kugeuza, kwani faili likishaeleweka bado picha ilipaswa kuishi katika mashine yenye vikomo vyake. Tatizo la kwanza lilikuwa la umbo. Skrini nyingi zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na pikseli 320 kwa 200 zikitandazwa juu ya uwiano huo kila moja hurefuka kidogo kwenda juu, hivyo duara lililochorwa likaonekana la mviringo kwenye mashine moja lilipohamishiwa kwenye nyingine yenye pikseli za mraba liligeuka yai lililolala. Programu zisizojali jambo hilo zilizalisha watu wafupi wanene, na picha kama hizo bado zinazagaa katika hifadhi za kidijitali.

Tatizo la pili lilikuwa kuchagua rangi: picha yenye maelfu ya rangi ikipaswa kubaki na 256, zibaki zipi? Jibu lililoenea lilitolewa na Mmarekani Paul Heckbert katika makala aliyochapisha mwaka 1982. Rangi zote za picha huwaziwa kuwa zimo ndani ya sanduku lenye pande tatu, wekundu, ukijani na ubuluu. Sanduku hukatwa katika upande wake mrefu zaidi, mahali panapoziacha pikseli nusu huku na nusu kule. Visanduku vinavyopatikana hukatwa tena na tena hadi viwe 256, kisha wastani wa rangi za kila kisanduku huingizwa katika jedwali. Uzuri wa njia hii ni kwamba picha ya bahari hupata buluu nyingi na picha ya msitu hupata kijani nyingi bila mtu kuchagua. Udhaifu wake ni kuwasahau walio wachache: ua dogo jekundu katikati ya uwanja wa majani linaweza kunyimwa wekundu wake kabisa.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo lililozaa ufundi wa kuvutia zaidi, ni namna ya kuonyesha rangi ambayo haipo. Wachapaji wa magazeti walikwisha kulitatua kwa kuchapa nukta nyeusi kubwa na ndogo ambazo jicho, kwa mbali, huzichanganya na kuona kijivu. Mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg walichapisha njia ya kufanya vivyo hivyo kwa hesabu. Ichukuliwe pikseli yenye kijivu cha thamani 100 katika mashine yenye nyeusi ya 0 na nyeupe ya 255 tu. Thamani hiyo iko karibu zaidi na 0, basi pikseli inafanywa nyeusi, lakini 100 zilizopotea hazitupwi: sehemu 7 kati ya 16, yaani 43.75, huongezwa kwa jirani wa kulia, sehemu 3 kwa jirani wa chini kushoto, sehemu 5 kwa wa chini moja kwa moja na sehemu 1 kwa wa chini kulia. Jirani wa kulia, ikiwa naye alikuwa na 100, sasa ana 143.75, hivyo anakuwa mweupe, na deni la kuzidi kwake linapelekwa mbele kwa mtindo uleule. Hakuna pikseli iliyo sahihi peke yake, ila eneo zima lina wastani ulio sahihi.

Bill Atkinson wa Apple, aliyeandika programu ya MacPaint, alikuwa na njia yake inayofanana na hiyo, isipokuwa aligawa sehemu 6 tu kati ya 8 za kosa na kuziacha mbili zipotee. Kihesabu ni dosari, maana maeneo meupe sana na meusi sana hupoteza maelezo yake, lakini kwenye skrini ndogo ya Macintosh picha zilitoka safi na zenye kukolea, na katika jambo hili jicho lina haki kuliko hesabu. Mbinu zote mbili hufaa kwa picha za kamera. Zikitumiwa kwenye herufi na michoro ya mistari huchafua kingo kwa vumbi la nukta, kosa ambalo wageuzaji wengi walilirudia.

Kwenye mashine za viraba kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu rangi haikuchaguliwa kwa ajili ya picha nzima bali upya kwa kila kiraba. Programu inayogeuza picha kwa ajili ya ZX Spectrum inaweza kujaribu kila jozi ya rangi inayoruhusiwa, nazo ni 28 katika kila kiwango cha mwangaza, yaani 56 kwa kila kiraba, na kwa viraba 768 majaribio hufikia 43,008. Kwa kompyuta ya leo hilo ni jambo la kufumba na kufumbua, ila kwa mashine za miaka ile ilikuwa kazi ya kusubiri, na mwisho wake mchoraji stadi bado alilazimika kupitia viraba kwa mkono, akisogeza kingo za mdomo au jicho zifuate mipaka ya gridi.

Zaidi ya hayo, maumbizo yalizidi kuongezeka. Maumbizo 20 yakihitaji kugeuzwa kila moja kwenda kila jingine, programu 380 huhitajika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jef Poskanzer alisambaza bure mkusanyiko wa programu ndogo ulioitwa PBMplus, ambao wazo lake kuu lilikuwa kwamba kila umbizo ligeuzwe kwanza kuwa umbizo moja rahisi la kati, kisha kutoka hapo liende linakotakiwa, na kwa njia hiyo programu 40 zinatosha. Umbizo hilo la kati halikubana chochote na lilikula nafasi nyingi, lakini mtu aliweza kulielewa kwa kusoma ukurasa mmoja wa maelezo. Katika historia yote ya ugeuzaji wa picha ni vigumu kupata uamuzi wa busara kuliko huo, na mrithi wake, Netpbm, anatumika hadi leo.

GIF yenyewe ilipata msukosuko mwishoni mwa mwaka 1994, ilipotangazwa kwamba watengenezaji wa programu wangepaswa kuilipa kampuni ya Unisys, iliyomiliki hataza ya LZW, na hasira iliyozuka ilizaa PNG, iliyoidhinishwa mwaka 1996, isiyo na hataza hiyo wala kikomo cha rangi 256. Kwa nembo, hati zilizochanganuliwa na michoro yenye herufi, PNG ndiyo inayofaa; JPEG, ambayo hutupa maelezo madogo ili kupunguza ukubwa, iachiwe picha za kamera. Na mwenye picha za zamani asilifute faili la asili baada ya kuligeuza, kwa sababu picha iliyokwisha kupunguzwa hadi rangi 256 hairudishiwi rangi zake kwa kuhifadhiwa upya katika umbizo kubwa zaidi.