Tabibu Kijana na Wito wa Kondoa

Kila Ofisi ya Rais, TAMISEMI, inapotangaza ajira za kada ya afya, daktari kijana aliyekwisha kumaliza miaka 5 ya chuo kikuu na mwaka 1 wa utarajali hukabiliwa na suali zito kuliko mitihani yote aliyoifaulu: aombe kituo cha wilaya ya mbali, ambako haja ya tabibu ni kubwa, ama angojee mjini, kwenye hospitali za rufaa ambako mabingwa wako tele na mlango wa masomo ya juu u karibu?

Kondoa, mji mkongwe wa Irangi ulio kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya Dodoma, wafaa sana kulitafakari suali hilo. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika mwaka 2018, umbali umepoteza nguvu ya udhuru. Walakini barabara njema humleta tabibu kwa wepesi, na kwa wepesi uo huo humrudisha alikotoka, iwapo hakukuta jambo la kumshika.

Si haki kuwatuhumu vijana hawa kwa uvivu. Mwaka 2017, baada ya mpango wa kuwapeleka madaktari wetu Kenya kupingwa mahakamani huko, Rais John Magufuli aliagiza waajiriwe nyumbani mara moja wale 258 waliokuwa wameomba. Na watu walioridhia kuvuka mpaka kuifuata kazi hawawezi kuambiwa kwamba wanaikimbia. Wala ikhtiari hazikukosekana: mpango wa Rais wa zamani Benjamin Mkapa, ulioanza mwaka 2005, uliwapeleka madaktari na wauguzi wilaya za pembezoni kwa mikataba yenye motisha juu ya mshahara, na taasisi yake ikajenga nyumba za watumishi, kwa kufahamu kwamba asiye na makazi ya staha hatulii.

Fedha ni stahiki yao, na Uingereza yenyewe ilianza mwaka 2016 kutoa pauni 20,000 kwa daktari anayekubali kusomea utabibu wa familia katika majimbo yaliyokosa waombaji. Wajapani walitazama mbali zaidi: Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, tangu mwaka 1972, huwachukua vijana wa kila mkoa na kuwasamehe deni la masomo endapo watarudi kuwatumikia watu wao kwa kiasi cha miaka 9.

Walakini fedha peke yake haitoshi, maana hofu kubwa ya tabibu chipukizi ni kudumaa. Usiku anapoletewa mzazi aliyeshindwa kujifungua, naye yu peke yake zamuni, anachokihitaji kwanza ni mwalimu wa kumshauri, kisha yakini kwamba taabu ile inamkaribisha kwenye ubingwa.

Kwa hiyo miaka ya utumishi wa Kondoa na ihesabiwe kuwa haki ya kutangulizwa katika ufadhili wa masomo, na ahadi hiyo iandikwe ndani ya barua ya ajira. Dodoma ina chuo kikuu chenye kufundisha udaktari, na ina Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mabingwa wake wawe walezi wa kijana huyo, kwa ziara za kudumu na kwa simu wakati wa dharura.

Naye mwombaji, kabla ya kuchagua halmashauri, aulize bila haya: nyumba ipo, nani atanifundisha, na lini nitaruhusiwa kusoma? Halmashauri yenye majibu ya wazi haitakuwa na haja ya kumbembeleza mtu, na wananchi wa Irangi watampata wanayemstahili: tabibu akaaye muda wa kutosha hata awajue wagonjwa wake kwa majina.