Ndege Iliyoshuka Baharini Ngazija

Alasiri ya tarehe 23 Novemba 1996, mkabala wa pwani ya Mitsamiouli, kaskazini mwa kisiwa cha Ngazija, ndege ya Ethiopia ya aina ya Boeing 767, iliyoondoka Addis Ababa kwa safari ya Nairobi ikatekwa njiani na watu watatu walioshikilia wapelekwe Australia, wala wasimsadiki rubani alipowaambia kwamba mafuta hayafiki huko, ilishuka baharini na watu 175 ndani yake, injini zote mbili zikiwa zimezimika.

Ndege iliyozimikiwa na injini haiporomoki papo hapo, kama wengi wadhanivyo, bali huteleza hewani masafa marefu ikibadilisha kimo chake kuwa mwendo. Na taabu ya rubani Leul Abate ilikuwa katika mwendo huo. Pampu zisukumazo mafuta ya kuendeshea mbawa hupata nguvu zake kwa injini, na zinapokosekana injini huchomoza tumboni mwa ndege pangaboi dogo lizungushwalo na upepo, ambalo nguvu yake yatosha kuigeuza ndege lakini haitoshi kuteremsha vile vibawa vya nyuma vinavyoiwezesha kwenda polepole bila ya kuanguka. Kwa hiyo aliyakabili maji kwa mwendo upitao kilomita 320 kwa saa.

Tuulinganishe mkasa huo na wa mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, ambapo rubani Chesley Sullenberger, baada ya mabata bukini kumharibia injini zote mbili, aliwahi kuwasha injini ndogo iliyomo mkiani, akapata umeme, akateremsha vibawa, akatua kwa kilomita 230 hivi juu ya maji yaliyotulia, wakaokoka wote 155. Tofauti ya mienendo hiyo yaonekana si kubwa. Walakini nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, na kwa hesabu hiyo kila kilo ya ndege ya Ngazija ilibeba nguvu karibu maradufu. Bawa la kushoto likatangulia kugusa maji, ndege ikapinduka na kukatika vipande.

Waogaji, wapiga mbizi na wenyeji walikimbilia kuokoa, lakini walifariki watu 125, akiwamo Mohamed Amin, Mkenya ambaye kamera yake iliwaonyesha walimwengu njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Miongoni mwa marehemu walikuwamo walionusurika na mgongano wenyewe, ila walikuwa wamekwisha kuyajaza hewa majaketi yao ya kuokolea wangali ndani. Maji yalipoingia yakawainua hadi darini, nao wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango uliokuwa chini yao. Wahudumu hutukataza jambo hilo kila safari, na aghalabu, kwa maoni yangu kimakosa, hawatutajii sababu yake.